Miguu ya Bujiku

Kikundi cha Ndoo Saba,
Kitongoji cha Nyamisalu,
Geita.

Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa Mama mdogo Bernadina,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute ukiwa mzima, pamoja na Baba mdogo Edward na wadogo zangu Nelly na Davis. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema joto la Nachingwea limelisaidia kuliko dawa zote za huku. Nilifurahi, ingawa moyoni nilitamani likusumbue kidogo ili urudi. Nisamehe kwa hilo. Na Baba mdogo, bado anajiongezea chumvi ukishageuka? Asidhani hatujui. Nelly ananiandikia kila kitu.

Mimi mwili ni mzima. Mama naye hajambo huko Samuye na anakusalimu sana, ila ana mawazo. Mvua zilikuja mara mbili zikakatika. Mahindi ya kwanza yalikauka yakiwa kimo cha goti, wakapanda tena, na sasa wanatazama mawingu yanavyopita kwenda kwa watu wengine. Ghalani imebaki michembe tu, vile viazi vikavu, na hiyo anawagawia wajukuu kwa mkono wake mwenyewe, kipande kwa kipande. Watu wa kijijini wameanza kuhemea. Wengine wanafika mpaka Chato kutafuta muhogo.

Huku machimboni hatulimi, kwa hiyo njaa huioni shambani. Pale senta nyama inachomwa na muziki unapigwa kama kawaida, na hatua mia mbili kutoka hapo kuna nyumba ya turubai ambamo watoto wamekula ugali wa udaga, muhogo mtupu, na chumvi siku nne mfululizo. Hayo huhitaji kuelezwa na mimi. Ndiyo yaliyokufanya uanzishe kikundi.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu ungeniuliza kama kikundi hakijambo, nami ningejibu hakijambo, na mazungumzo yangehamia kwenye mitihani ya Nelly. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili za kwanza niligundua naandika kama ninavyoandika taarifa za kikundi, kila jambo mahali pake, na mimi mwenyewe sionekani popote. Hii ya tatu nitaiacha ilivyo.

Nianze na beseni.

Ulipoondoka mwishoni mwa Agosti uliniachia vitu vitatu: funguo za stoo, daftari la watoto, na lile beseni la bluu lenye ufa ukingoni. Funguo na daftari ulinikabidhi mbele ya wanakikundi wote, tukapiga picha. Beseni ulinipa stendi asubuhi ya safari, ukiwa umeshapanda basi, ukalipitisha dirishani. Uliniambia, "Violeth, usiache kuwanawisha miguu." Nikaitikia. Nilidhani ni maneno ya mtu anayeondoka, ambaye lazima aseme kitu.

Kwa miezi miwili niliwanawisha. Kila Jumamosi ya pili, kabla ya mtoto kupimwa mkono na kupewa uji, nilikaa kwenye kile kigoda chako nikamwosha miguu, mmoja baada ya mwingine, watoto arobaini, hamsini. Nitakwambia ukweli, Mama mdogo, kwa sababu barua hii haina maana nisipousema. Nilikuwa naona aibu. Wanakikundi wa kanisani walisema ni mambo ya Alhamisi Kuu, akina mama wa Kiislamu walisema umejifunza kwao kutawadha, na mimi nilisema kimoyomoyo kwamba mtu aliyesoma chuo kikuu miaka mitatu maendeleo ya jamii hapaswi kuwa anasugua tope kwenye vidole vya watoto wakati foleni inafika barabarani. Maji tunayachota mbali, unajua. Nilikuwa nahesabu madumu.

Mwanzoni mwa Novemba tukapata tepe mpya za kupimia mkono, zile zenye kijani kwa aliye mzima, njano na nyekundu kwa mwenye utapiamlo. Kwenye kikao nikasimama nikapendekeza tuache kunawisha. Nilisema vizuri. Nilisema muda unaopotea kwenye beseni ungetosha kupima watoto mara mbili, na kwamba tepe haitazami tope. Mama Mihayo, ambaye ndiye mwenyekiti tangu uondoke, hakupenda. Alisema, "Bernadina alikuwa ananawisha." Nikamuuliza kwa sababu gani. Akafikiri, akatazama wenzake, akasema, "Alikuwa ananawisha tu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hoja ikapita. Kuanzia siku hiyo beseni lako likawa la kulowekea soya.

Sasa nikueleze habari za Mbuke. Humjui, amekuja baada yako. Ni msichana wa Kisukuma kutoka upande wa Mwadui, nadhani hafikishi miaka ishirini na mbili. Anafanya kazi kwenye mwalo, anawaoshea wenye mawe mchanga wa dhahabu. Mume wake, Athanas, alisikia kuna rashi mpya, dhahabu imelipuka huko mbele ya Chato, akaenda mwezi wa tisa, na mpaka leo hajarudi wala simu yake haipatikani. Walikuwa na mtoto mmoja, Bujiku, wa mwaka mmoja na nusu hivi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa.

Jumamosi ya tarehe 18 Januari ilikuwa siku ya kupima, na mimi nilikuwa nimebuni jambo jingine. Nilitaka tuwe tunamsifu mama mmoja kila mwezi, mama ambaye mtoto wake amestawi, ili wengine wapate hamu. Tulipewa vitenge na mfanyabiashara mmoja wa senta, nikachagua kimoja cha rangi ya chungwa. Mbuke alikuja na Bujiku mgongoni. Mkono wa mtoto ulikuwa kijani, tena mbali kabisa na njano. Mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Miguu ilikuwa na tope jekundu la mwalo mpaka ugokoni, limekauka kama soksi. Nilimwinua juu watu wote wamwone. Nikasema huyu mama yuko peke yake, anafanya kazi ya suluba, na tazameni mtoto wake. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikamfunga Mbuke kitenge kiunoni kwa mikono yangu.

Yeye aliinamisha kichwa. Nikadhani ni haya ya mtu wa shamba.

Mtoto hakulia nilipomwinua. Hakunishika nywele, hakutazama kitenge, hakufanya lolote wanalofanya watoto wakiinuliwa na mtu wasiyemjua. Nililiona hilo, Mama mdogo. Nililiona na nikaliita upole.

Na kwa kuwa alikuwa kijani, Mbuke hakupewa unga. Unga ni wa njano na nyekundu. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Tarehe mosi Februari hakuja. Jumatatu yake nilikuwa napita kwenye mialo kwenda kumtazama mgonjwa mmoja wa nyumbani, nikamwona Mbuke ameinama kwenye maji, kitenge cha chungwa kimefunika kitu chini ya turubai. Nikasogea. Bujiku alikuwa amelala chali macho wazi. Nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya majani makavu. Kwenye paja ngozi ilikuwa imebanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Miguuni soksi ileile ya tope.

Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Nikaimimina yote kwenye mguu mmoja nikausugua kwa kiganja. Mguu ulitoka kwenye tope ukiwa mkubwa, umejaa, unang'aa kama puto. Nikabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka kumi, nikaondoa. Shimo likabaki. Nilikaa pale nalitazama lile shimo, na halikujaa.

Haya mambo nilikuwa nayajua. Yako kwenye ukurasa wa pili wa daftari langu la semina, kwa mwandiko wangu: mtoto aliyevimba kwa utapiamlo anaweza kuonekana mnene, mkono hausemi kitu, bonyeza miguu yote miwili. Niliandika nikapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Na miezi miwili nilishika miguu ya watoto ndani ya beseni lako, na hayo mawili, ukurasa na beseni, hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Wewe ulikuwa unabonyeza. Sasa nakumbuka gumba lako lilivyokuwa linakaa juu ya unyayo, kimya, wakati unaongea na mama wa mtoto habari za bei ya dagaa. Na baadaye, kwenye ugawaji, mama mmoja au wawili walikuwa wanaambiwa wabaki wakusaidie kuosha vyombo. Nilidhani unawapenda zaidi hao.

Nilimuuliza Mbuke kwa nini hakusema. Alimaliza kukung'uta mchanga wake kwanza. Kisha akasema bila kunitazama, "Mlinipigia vigelegele. Ningewaambiaje kwamba nyumbani hakuna kitu?"

Halafu akasema jambo ambalo ndilo hasa linalonikosesha raha. Alisema miguu ilianza kuvimba kabla ya Krismasi, na yeye aliiona. Ndiyo maana alikuwa hamwoshi mtoto miguu, aliacha tope likae. Unalijua neno linalosemwa huku mtoto akivimba, unalijua kuliko mimi: mama kambemenda, ametoka nje na mwanaume mwingine mtoto akiwa hajatoka ziwani. Na Athanas hayupo. Nani angemwamini? Nilipomwinua Bujiku nikasema amenenepa, Mbuke alipata wiki mbili ambazo hakuna mwanamke wa mwalo aliyemtazama vibaya. Sifa zangu zilimfichia mtoto kuliko tope.

Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, mimi nimemshika mtoto katikati. Mbuke hakutaka kwenda kwa sababu aliogopa kuulizwa baba yuko wapi. Nilimwahidi kwamba atakayeuliza nitamjibu mimi. Wodini hakuna aliyeuliza. Muuguzi, mama mtu mzima, alibonyeza miguu tu akaandika.

Usije ukafikiri ilikuwa rahisi baada ya hapo. Walimwanzishia maziwa ya tiba, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, na uvimbe ukaanza kutoka. Hakuna aliyetuandaa kwa hilo, au labda walitwambia na hatukusikia. Kila siku Bujiku alipungua. Mashavu yaliondoka, mikono ikawa vijiti, mbavu zikatokeza. Siku ya nne nilipopima mkono wake kwa tepe yangu, ilikuwa nyekundu. Ndipo alipoonekana mgonjwa, sasa anapotibiwa. Mbuke alianza kupiga kelele kwamba tumemkausha mtoto wake, kwamba alikuja na mwili na sasa hana. Alimfunga kwenye kitenge aondoke naye. Mama Mihayo, aliyekuwa amekuja na chungu cha uji, alikaa mlangoni mwa wodi na ule mwili wake wote, unamjua, akamwambia, "Mayu, mama, mimi siwezi kuinuka hapa mpaka nipumzike, na kupumzika kwangu ni mpaka kesho." Mbuke akacheka huku analia, akarudi kitandani.

Siku ya tano mwili wa mtoto ulipoa. Walimlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika wote wawili. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilijaribu kusali nikajikuta najitetea. Nilikuwa namweleza Mungu kuhusu madumu ya maji.

Aliyelala kitanda cha jirani, mtoto wa kike, alikufa siku ya nane. Huyo hakuwa wa kwetu, alitoka mbali. Bujiku alibaki. Daktari hasemi amepona. Anasema tusubiri.

Alhamisi iliyopita nilienda na sabuni na nguo za mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba Mbuke msamaha, nilikuwa hata nimepanga maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kitenge kilikuwa kimefuliwa, kimetandikwa chini ya mtoto. Aliniuliza kama ni kweli, kama muuguzi alivyomweleza, kwamba uvimbe ule unatokana na kula udaga mtupu bila maharage wala maziwa wala dagaa, na kwamba haujali mama amelala wapi. Nikamwambia ni kweli kabisa. Akauliza kama nilikuwa nalijua hilo siku zote. Nikasema ndiyo.

Akaniambia, "Uliponisifu, ulinisifu mbele za watu. Na hili kaliseme mbele za watu."

Ijumaa nilimpigia Mama. Sikutaka kumweleza yote, nilitaka tu kumuuliza kama aliwahi kukusikia ukieleza sababu ya kunawisha miguu. Mama akataja jina la Donatus.

Mama mdogo, mimi Donatus nilimjua kama jina tu. Ni jina linalotajwa kwenye sala za jioni nyumbani Samuye baada ya majina ya wazee, na tulipokuwa wadogo tulidhani naye alikuwa mzee. Sikujua kwamba alikuwa mtoto wako wa kwanza. Sikujua kwamba kabla ya Baba mdogo ulikuwa umeolewa, kwamba mtoto alivimba miguu baada ya kuachishwa ziwa akafa, na kwamba wakwe walikaa kikao wakakurudisha nyumbani na neno hilohilo, ukiwa na miaka kumi na tisa, ukitembea. Mama aliniambia ulipofika ulikaa chumbani wiki tatu, na ulipotoka uliomba beseni. Hakuniambia zaidi, nami sikuuliza zaidi.

Nilivyoelewa mimi, na unisahihishe nikikosea, ni hivi. Ulinawisha wote ili asijulikane unayemtafuta. Na hukueleza sababu, hata kwetu, kwa sababu siku akina mama watakapojua kwamba beseni linatafuta waliovimba, mwenye mtoto aliyevimba hatakuja. Ulijenga kificho kikubwa kinachomtosha kila mtu. Mimi nilikibomoa kwa hotuba moja.

Jana, Jumamosi, nimerudisha beseni. Asubuhi kabla foleni haijaanza niliwaambia wanakikundi kilichotokea. Niliwaambia kwamba mtoto niliyemwinua alikuwa anakufa, na kwamba aliyewashawishi waache kazi yako ni mimi. Mmoja alisema kosa ni la Mbuke aliyeficha. Nikasema hapana, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Mama Mihayo alichukua dumu akajaza beseni, na kazi ikaanza.

Kwenye foleni wanawake wawili wa mwalo waliuliza mbona kunawa kumerudi. Mama Mihayo akawajibu, "Miguu yenu inanuka mwalo, inatuharibia unga." Wakacheka, mmoja akamwambia basi na yeye aingize ya kwake, beseni ndilo litakaloomba kuoshwa. Ilikuwa kama zamani. Mtoto wa kumi na moja, mvulana mwenye shati la njano, nilibonyeza na shimo likabaki. Mkono wake ulikuwa kijani. Sikubadilisha uso. Nilimuuliza mama yake habari za bei ya dagaa. Alipomaliza uji tulimwomba abaki atusaidie vyombo, na jana hiyohiyo tulimpeleka. Yule yuko wodini sasa, na amewahi. Muuguzi amesema amewahi sana.

Kwa hiyo ungeweza kusema nimejifunza, na barua iishie hapo. Haiishii hapo.

Wale wanawake wawili, watoto wao walipokuwa wanafutwa miguu, walianza kuongea habari za Mbuke. Mmoja alisema, "Huko hospitali anatibiwa mtoto tu. Mama atatibiwa na nani?" Mwingine akasema wamwulize fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, yule aliyekuwa anamsaidia kubeba mchanga. Walicheka, na wengine kwenye foleni wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chako, mguu wa mtoto mkononi. Watu wote walikuwepo, walewale waliopiga vigelegele. Ilikuwa nafasi ileile aliyoiomba Mbuke. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuosha.

Nilijiambia nalinda beseni. Nilijiambia nikisimama kueleza kwamba kuvimba ni njaa, yule mama wa mtoto wa shati la njano atajua nilikuwa namtafuta nini, na atatoroka kabla ya vyombo. Sababu hiyo ni nzuri. Lakini mimi najijua, Mama mdogo. Mimi ni mtu ambaye daima nina sababu nzuri. Niliogopa wale wanawake. Niliogopa wangeniuliza mbele ya watu, kama ulikuwa unajua, kwa nini ulimvika kitenge?

Nimelifikiria tangu jana na sijalala vizuri. Ukimya wako umeokoa watoto, nimewahesabu kwenye daftari, wale ambao mama zao walibaki kuosha vyombo, ni ishirini na sita. Sitasema hata siku moja kwamba ulikosea. Lakini wale ishirini na sita walirudi nyumbani wamepona na neno limebaki palepale linawasubiri wengine. Limemsubiri Mbuke. Lilimfanya aache tope kwenye miguu ya mwanawe. Na wewe lilikutoa kwa Donatus kaburi likiwa bado bichi, na miaka yote hii umewahudumia wanawake bila kuwaambia kwamba hukufanya lolote.

Siku nyingine ya kupima ni Jumamosi, tarehe mosi Machi. Nimeamua kwamba kabla ya mtoto wa kwanza kuwekwa kwenye beseni nitasimama palepale nilipomwinua Bujiku. Nitasema kwamba mtoto huvimba kwa kukosa chakula kinachojenga mwili. Nitasema Mbuke hajafanya kosa lolote, na kwamba aliyekosea ni mimi, na nitaeleza nilikosea nini. Wakinicheka watanicheka. Halafu nitaonyesha jinsi ya kubonyeza, ili kila mama abonyeze mwenyewe nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa, bila kututegemea sisi. Na kanuni ya unga nimeifuta. Kila atakayekuja atapata, hata kama ni kikombe kimoja.

Huenda foleni ikapungua. Huenda mama fulani mwenye mtoto aliyevimba asije siku hiyo kwa sababu yangu, na hilo likitokea nitalibeba. Siandiki kukuomba ruhusa ya kumsafisha Mbuke, kwa sababu hiyo ni deni langu kwake. Lakini wewe sitakutaja bila wewe kutaka. Kama unapenda niseme na habari za Donatus, kwamba mwanamke aliyeanzisha Ndoo Saba naye aliwahi kuitwa jina hilo na lilikuwa uongo, nipigie kabla ya siku hiyo, useme neno moja tu, ndiyo. Nadhani wanawake wa hapa, wanavyokupenda, wangelisikia hilo kuliko ukurasa wowote wa semina. Usipopiga, sitataja, na hatutaliongea tena mpaka wewe utakapotaka. Kwenye sala zangu nimeshamhamisha. Nilikuwa nikimtaja na wazee, sasa namtaja na watoto.

Leo baada ya ibada nilipitia wodini. Nilimshikia Bujiku kikombe. Kilipoisha nikakiondoa, akalia. Ni mara ya kwanza kumsikia sauti. Alilia kwa hasira, mdomo wazi, mkono ule mwembamba umenyooshwa kufuata kikombe, na Mbuke akakaa anamsikiliza bila kumnyamazisha. Kisha akaniuliza kama nimeshalisema. Nikamwambia bado. Akanitazama, akamgeukia mwanawe.

Nisalimie sana Baba mdogo Edward, mwambie chumvi aiache. Nelly asome, na Davis asimsumbue. Kaka George anawasalimu, bado yuko Shinyanga mjini. Mama Mihayo anasema goti lako akilipata atalifunga kamba lisiende popote. Wote wa Ndoo Saba wanakusalimu kwa upendo, na kigoda chako hakijapata mtu wa kukitosha.

Mungu akuweke, Mama mdogo, akupe usingizi mzuri, na awakumbuke watu wa Samuye kwa mvua.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na ninayesubiri simu yako,

Violeth